Tupande mikoko kwenye tope la ndege?

Swali: Asalaam aleikum Mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Mikindani, Mombasa, tunafanya usafi na kupanda miti. Tumepata miche mingi ya mkoko, na mfadhili anataka tuipande mbele ya mtaa, kwenye lile tope wazi la hori la Tudor ambalo halina mti hata mmoja. Mzee mmoja mvuvi ametuambia tukipanda pale tutawafukuza wale ndege wadogo wanaokuja makundi kwa makundi kuanzia Septemba. Wenzangu wanacheka. Wanasema ndege ana mbawa, hakosi pa kwenda, na isitoshe kwetu hapa pachafu, maji taka yanamwagika humo humo. Je, mzee ana haki? Na kwa nini ndege watoke Ulaya waje kula kwenye uchafu wetu?

Jibu: Waaleikum salaam mwanangu, wewe na wenzako wote. Mzee wenu amesema kweli, na ningefurahi mkimpa nafasi katika kikundi chenu, maana mtu aliyevua miaka mingi kwenye hori huyaona mambo ambayo sisi wa vitabuni tunayafikia kwa kuchelewa. Miche hiyo msiipande kwenye tope wazi. Ina mahali pake, na nitapafikia. Lakini kwanza nataka muwajue hao ndege, ili mfadhili akiwauliza mbona mmebadili mpango, muwe na la kumjibu.

Wengi wao hawatoki Ulaya, wanatoka mbali zaidi. Chukua yule mdogo wa kijivu, mwenye mdomo mweusi uliopinda kidogo kuelekea chini, ambaye ni miongoni mwa wanaoonekana kwa wingi kwenye matope ya pwani yetu. Wataalamu humwita Calidris ferruginea. Huyo hutaga kaskazini kabisa mwa Siberia, nchini Urusi, hasa kwenye rasi ya Taimyr na nchi zilizo jirani nayo, ambako miti haioti na kiangazi ni cha wiki chache tu. Kutoka huko hadi Mikindani, hata angeruka moja kwa moja bila kupinda, ni zaidi ya kilomita 8,500. Dume haatamii mayai wala halei; anaondoka mapema, mara nyingi Julai inapoanza. Jike hulea peke yake, kisha naye hushika njia. Makinda hubaki nyuma wiki kadhaa wakinenepa, halafu huanza safari yao ya kwanza bila mzazi wa kuwaonyesha njia, na bado hufika.

Mkiwa na darubini hata ya bei nafuu mtaliona hilo kwa macho yenu. Wanaofika Agosti wengi ni wakubwa, na baadhi yao bado wana mabaka mekundu kifuani, mabaki ya rangi ya kuzalia. Vijana hufika baadaye, Septemba na Oktoba, na utawajua kwa mgongo wao uliopangika vizuri, kila unyoya una ukingo mweupe kama magamba ya samaki. Kuna miaka vijana huwa wengi na kuna miaka huwaoni ila wachache, na sababu yake iko Siberia. Huko kuna panya wadogo wa nchi ya baridi ambao huongezeka sana kwa miaka fulani kisha hupungua ghafla. Panya wakiwa tele, mbweha hushiba panya na viota vya ndege hupona. Panya wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na makinda. Kwa hiyo kundi mtakalolihesabu Oktoba mbele ya mtaa wenu lina habari za panya wa Taimyr.

Sasa njooni kwenye tope lenyewe. Kutoka barabarani linaonekana halina kitu. Shukeni maji yakiwa yamepwa, mkae chini kimya mahali pamoja, na mtazame. Kaa wadogo wataanza kutoka mashimoni, dume kwa dume, kila mmoja akipunga gando lake kubwa. Chini yao kuna minyoo, ile ambayo wavuvi huichimba kwa chambo, na konokono na vichaza visivyohesabika. Halafu mtazameni sululu, yule mkubwa wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kama upinde. Anatembea taratibu, anasimama, anaingiza mdomo wote shimoni na kuupindisha kufuata pindo la shimo. Akimtoa kaa anamtikisa kwa nguvu mpaka miguu na gando vinadondoka, mara nyingine humsuuza kwenye kidimbwi, ndipo anammeza mzima. Mwenye mdomo mfupi hawezi kazi hiyo. Yule wa kijivu mnene anayeitwa Pluvialis squatarola, ambaye akiruka utaona weusi kwapani, anawinda kwa macho: anakimbia hatua chache, anasimama kabisa, anainamisha kichwa, anadonoa. Akimshika mnyoo humvuta polepole asikatike. Na huyu Calidris wetu haoni anachokula. Ncha ya mdomo wake imejaa mishipa ya fahamu, anachoma choma tope haraka haraka na kuhisi kilichomo. Ndiyo maana ndege wa kila namna wanaweza kula kwenye tope moja bila kugombana sana. Kila mmoja anachukua chakula cha kina chake.

Hawa hawafuati jua, wanafuata maji. Maji yakipwa usiku wa manane, wanakula usiku wa manane. Mnajua wenyewe kwamba hapa Mombasa wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri, na kwamba bamvua kubwa huweza kupandisha na kushusha maji karibu mita 4. Tope pana la saa nne linakuwa limefunikwa lote jioni. Saa za kula ni chache, na haziongezeki.

Zinakuwa chache zaidi kuanzia Februari mpaka Aprili. Wakati huo ndege anabadilisha manyoya na kujaza mafuta mwilini kwa pamoja. Calidris aliyekuwa na gramu 55 hivi anaweza kuondoka na gramu 80 au zaidi, na nyongeza hiyo karibu yote ni mafuta. Kifua chake kinageuka chekundu cha matofali. Halafu jioni moja ya Aprili, wakati kaskazi imekwisha na kusi inaanza kushika, kundi linapanda juu likiita, linazunguka, linaondoka. Aliyekosa mafuta ya kutosha ama hafiki, ama anafika amechoka na hatagi. Ndiyo maana nawaomba sana shughuli yoyote ya watu wengi kwenye tope isifanywe Machi na Aprili. Najua sherehe nyingi za kupanda miti hupangwa masika, na wageni huja na fulana zao mpya na kamera. Mia mbili wakikanyaga tope asubuhi ya bamvua, ndege wamepoteza mlo wa siku ile katika wiki ambazo hawana siku ya kupoteza.

Kwa wenzako wanaosema ndege ana mbawa: mbawa anazo, lakini pa kwenda ni pachache. Fukwe zetu nzuri za Nyali na Bamburi ni mchanga mweupe wa matumbawe, na mchanga huo una chakula kidogo kwa ndege wa namna hii. Wanataka tope laini, na tope linapatikana pale ambapo mto unaleta udongo na bahari imetulia. Mito ya Kombeni na Tsalu inaleta udongo kutoka bara mpaka hori la Tudor. Mto Mwache na mingine inafanya hivyo upande wa hori la Port Reitz. Kisha kuna Mtwapa, Gazi, Mida, mdomo wa Sabaki, na delta ya Tana. Orodha inakwisha upesi. Na huko kwingine hakujakaa tupu kungojea wageni. Kuna ndege wake. Isitoshe ndege hawa wana tabia ya kurudi mahali pale pale. Waliovishwa pete miguuni kwenye hori la Mida wamewahi kushikwa tena hapo hapo miaka iliyofuata. Kwa hiyo wale wa Mikindani, wengi wao, ni wa Mikindani kweli.

Tena si wote wanaoondoka Aprili. Vijana wa mwaka wa kwanza wengi hubaki huku kusini mpaka mwaka wa pili. Mkipita Juni mkaona kikundi kidogo cha kijivu kinachoma tope, hao ndio wao.

Kuhusu uchafu, nitawaambia jambo ambalo huwachanganya watu. Maji taka kiasi yanaweza kuongeza ndege. Kinyesi ni mbolea, mbolea huzidisha minyoo, minyoo huvuta ndege. Ndivyo mabwawa ya maji taka ya Dandora kule Nairobi yalivyokuwa mahali maarufu pa kutazama ndege, na Ulaya kuna mito ambayo ilisafishwa ndege wakapungua. Lakini hilo lina mpaka. Maji taka yakizidi, vijidudu vinavyoyaozesha humaliza oksijeni ndani ya tope, linakuwa jeusi na kunuka mayai viza, na hubaki aina chache tu za minyoo. Kaa na chaza huondoka. Mtu naye, mama anayetanda uduvi maji yakimfika kiunoni, anapata magonjwa. Siwezi kamwe kumwambia mtu avumilie maji taka kwa ajili ya ndege. Ndege walikuwa wakija hapa kabla mtaa haujajengwa na kabla ya bomba la kwanza, na chakula cha kawaida cha hori safi kinawatosha.

Mafuta ndiyo hayana upande mzuri hata kidogo. Mwaka 1988 mafuta mazito yalimwagika hori la Makupa yakaua mikoko ambayo sehemu yake ilibaki jangwa kwa miaka mingi. Mwaka 2005 meli ilimwaga mafuta Kilindini, yakaingia mikoko ya Port Reitz. Mafuta yakishaingia kwenye mashimo ya kaa hayatoki na maji ya kupwa. Gereji zinazomwaga oili chafu kwenye mfereji wa mtaani zinafanya jambo lile lile kidogo kidogo kila siku, na hapo kikundi chenu kina uwezo wa kufanya kazi ambayo hakuna mfadhili wa miche anayeifikiria: zungumzeni na hao mafundi, watafutieni pipa na mtu wa kununua oili hiyo.

Sasa jambo ambalo mzee hakulitaja lakini naona ndilo linaloangamia kimya kimya Mombasa. Ndege hawa wanahitaji meza na wanahitaji kitanda. Meza ni tope, kila mtu analiona. Kitanda ni mahali pa kukaa maji yakijaa, kwa saa kadhaa mara mbili kwa siku, na hapo wanapumzika, wanasaga chakula, wanapanga manyoya. Sululu hawana shida, hutua juu ya mikoko. Kuna mwingine mdogo mwenye miguu ya rangi ya machungwa na mdomo uliopinda kuelekea juu, naye hupenda matawi ya mikoko. Lakini wengine wengi hawatui mtini. Wanataka mahali wazi, pakavu, padogo tu, ambapo wataona mwewe, mbwa au mtu akiwa mbali: fungu la mchanga, kiwanja cha chumvi, ukingo wa tope la juu karibu na nchi kavu. Ukubwa wa kiwanja kimoja cha mpira unaweza kulaza maelfu.

Na kiwanja kama hicho, kilicho juu ya tope na chini ya nyumba, ndicho kila mtu anachokitamani. Kinaonekana hakina mwenyewe. Mmoja anamwaga kifusi, mwingine anaegesha lori, mwisho mtu anakuja na karatasi za ardhi. Tope likibaki lote na kiwanja kikaenda, ndege watalazimika kuruka maji yote ya kujaa, au kwenda mbali kulala na kurudi, na hayo mafuta ya Aprili yanachomeka hewani. Wakati mwingine wanaliacha tope zuri kabisa kwa sababu ya kukosa kitanda. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mche uende wapi, tafuteni wanapolala. Nendeni siku ya bamvua, saa tisa alasiri, mfuate kwa macho makundi yanavyosukumwa na maji mpaka mwone yanapokusanyika. Hapo ndipo pa kulinda kwanza, na mkikuta mtu ameanza kumwaga kifusi, fahamuni kwamba kujaza ardhi oevu bila leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ni kosa kisheria. Andikeni barua mapema, na picha zenye tarehe. Kifusi kikishakauka ni vigumu mno kukiondoa.

Kwenye mikoko yenyewe. Hamu yenu ya kupanda ni ya haki kabisa. Utafiti uliofanywa kwenye mahori ya Mombasa ulionyesha kwamba kati ya 1992 na 2009 Tudor ilipoteza kadiri ya asilimia 87 ya mikoko yake, na Mwache asilimia 45. Ni hasara kubwa mno, na inawaumiza ndege pia, kwa sababu majani ya mikoko yanayooza ndiyo yanayolisha kaa na minyoo wa tope lililo mbele yake. Msitu na tope vinalishana. Kosa linakuja tunapochukua hasara ya msitu tukaitoza tope.

Mkoko hauoti kila mahali penye tope. Unataka kukaa nje ya maji saa za kutosha, kwa hiyo mahali pake kwa jumla ni kuanzia kimo cha katikati ya maji kujaa na kupwa kwenda juu. Chini ya hapo mche unazama muda mrefu mno, vijichaza vigumu vinavyong'ang'ania shina vinauelemea, na mawimbi yanaung'oa. Kama tope hilo lenu limekuwa wazi tangu mababu, na mbegu za mikoko zinaelea juu yake kila mwaka bila kuota hata moja, tope lenyewe limekwisha kujibu swali. Ufilipino walipanda mikoko kwa miaka mingi, kwa fedha nyingi, sehemu kubwa ikiwa kwenye matope ya chini kwa sababu yalikuwa hayana mwenyewe wa kugombana naye. Watafiti waliporudi kukagua walikuta miche mingi imekufa. Na ile michache inayopona hugeuza meza ya ndege kuwa kichaka, ambapo Calidris hathubutu kuingia kwa sababu hamwoni adui.

Tafuteni visiki. Penye visiki vya mikoko palikuwa msitu, na kimo chake kinafaa. Tazameni pia ni mti gani ulikuwa wapi: mlilana hukaa mbele kabisa kwenye maji, mkoko nyuma yake, halafu mkandaa, na mchu huwa nyuma kuelekea nchi kavu ingawa unaweza kuuona pia mbele. Miche yenu ni ya mkoko, basi itafaa ukanda wa kati, haitafaa kila mahali. Na kabla ya kuchimba shimo, jiulizeni kwa nini pale hapajajiotea penyewe. Mara nyingi utakuta sababu: takataka zimefunika ardhi, mfereji umezibwa na maji hayaingii wala kutoka, au watu bado wanakata. Ondoeni sababu hiyo, na mbegu zikiwa karibu msitu mara nyingi hurudi bila kupandwa. Kusafisha plastiki kwenye visiki na kufungua mfereji hakupendezi kwenye picha, lakini naamini kunaleta miti mingi kuliko miche elfu kwenye tope. Daraja la Makupa lililofunguliwa 2022 lilijengwa kwa sababu hiyo pia, kuruhusu maji yapite pale ambapo tuta liliyazuia kwa miaka.

Msianze bila Huduma ya Misitu. Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na kupanda bila kuwashirikisha kunaweza kuwaletea matatizo hata mkiwa na nia njema. Shirikisheni pia kamati ya wavuvi ya ufukweni, kwa sababu njia za mitumbwi na mahali akina mama wanapotanda uduvi hazionekani kwenye ramani ya mfadhili.

Mwisho, hesabuni ndege. Kwenye tope wametawanyika na mtakosea. Wahesabuni wanapokusanyika kulala, saa moja au mbili kabla ya maji kujaa kabisa, jua likiwa mgongoni. Jizoezeni kuona kumi kwa jicho moja, kisha hesabuni makumi. Mara moja kila bamvua inatosha. Andikeni tarehe, saa, mahali, idadi, na kilichowasumbua: mbwa, kunguru, boti, watoto wenye manati. Msipoyajua majina, andikeni "mdogo mdomo uliopinda" na mpige picha. Kila Januari ndege wa maji huhesabiwa sehemu nyingi za dunia kwa wakati mmoja, na hapa Kenya kazi hiyo huhusisha Makumbusho ya Taifa, Shirika la Wanyamapori na Nature Kenya. Waandikieni, mwaombe kujiunga. Kenya ina maeneo 6 ya Ramsar, yaani ardhi oevu zinazotambuliwa kimataifa, na hakuna hata moja lililo Mombasa, kwa hiyo hori la Tudor halina kinga ya namna hiyo. Takwimu za watu wanaoishi kando yake ni silaha yake kubwa. Na hao ndege wanazihitaji: Oktoba 2024 Calidris wetu na yule wa kwapa jeusi wote wawili waliingizwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sababu idadi yao inashuka duniani.

Kwa mfadhili, mpelekeni akaone visiki maji yakiwa yamepwa, mmwonyeshe na tope wazi siku hiyo hiyo, ndege wakiwa wanakula. Mwombeni akubali kuhesabu miti iliyo hai baada ya miaka miwili, aache kuhesabu miche iliyopandwa siku ya sherehe. Na ile miche itakayozidi msiitupe. Iwekeni kwenye kitalu panapofikiwa na maji ya bamvua, penye kivuli kidogo, mtaihitaji kujazia itakayokufa.